Masazo, Makombo au Viporo? Jina la Albamu ya Nyimbo Zilizobaki

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka mikoani, yamo mengine ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana madogo, hata mtu akadhani hayastahili kupewa nafasi katika kurasa hizi. Swali tutakalolijadili safari hii ni la namna hiyo. Lahusu jina la albamu anayoitoa mwanamuziki kwa kukusanya pamoja kazi zake zilizobaki, yaani zile alizozirekodi zamani lakini hazikuingia katika albamu zake zilizotangulia. Kitu hiki wazee wetu hawakukijua, na hata leo hakina jina moja linalokubaliwa na wote.

1. Chanzo cha swali

Swali tulilipata Singida mjini, mezani kwa mwalimu mmoja wa Kiswahili wa shule ya sekondari. Mwalimu huyo alikuwa amepewa karatasi za mkataba azifasiri. Mwenye mkataba alikuwa kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wake, ambaye hutengeneza muziki kwa kompyuta, bila gitaa wala ngoma ya kuwambwa. Katika kifungu kimoja mwalimu alikuwa ameandika: "Mabaki yote ya kazi za studio yatakuwa mali ya kampuni." Kijana alikisoma, akatikisa kichwa kukubali, akafunua ukurasa uliofuata.

Mwalimu alishangaa kuona amekubali upesi kiasi kile. Akamwuliza: "Mwanangu, hapo umefahamu nini?" Kijana akajibu: "Mwalimu, si nyaya chakavu na makasha matupu? Wakitaka wayachukue tu." Kumbe maana ya kifungu katika lugha kilichoandikwa kwanza ilikuwa nyingine kabisa. Kilikusudia kila kazi ambayo kijana angeirekodi katika muda wa mkataba na isiingizwe katika albamu. Kwa neno moja lisilotosha, mtu alikuwa karibu kugawa kazi ya miaka kadhaa huku akidhani anagawa takataka.

Mwalimu hakuwa amekosea kwa uvivu. Neno "mabaki" limo katika kamusi, na kwa kweli vitu vile vilikuwa vimebaki. Upungufu ulikuwa wetu sote tunaoshughulika na istilahi, kwani dhana ilikwisha ingia nchini na watu wakaanza kutia saini juu yake, ilhali jina lake halijapangwa.

2. Kitu chenyewe

Haifai kutafuta jina kabla ya kukifahamu kitu. Basi tuanze na neno "albamu". Neno hili liliingia katika Kiswahili kwa maana ya kitabu cha kutunzia picha, na maana hiyo ingali hai majumbani. Maana ya pili, ya muziki, ina historia inayofanana na ile ya kwanza. Santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua muziki wa dakika tatu hadi tano tu kila upande. Kazi ndefu ilihitaji santuri kadhaa, nazo zikatiwa katika kitabu chenye mifuko, mfano wa kitabu cha picha. Kitabu hicho kikaitwa albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya mwendo mrefu, iliyochukua zaidi ya dakika ishirini kila upande. Kitabu kikawa hakihitajiki tena, lakini jina likabaki.

Mwaka uliofuata, 1949, kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye wimbo mmoja kila upande. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo uliotegemewa kuuza. Upande wa pili haukuweza kuachwa mtupu, kwa hiyo ukajazwa kazi ambayo haikupata nafasi kwingine. Kwa njia hiyo kazi zilizobaki zikapata mahali pa kukaa. Ilipofika mwaka 1982 diski ya kompakti ikaanza kuuzwa, nayo ilichukua kiasi cha dakika 74. Nafasi iliongezeka, na kampuni zikaona faida ya kufungua makabati na kuzitoa kazi zilizokuwa zimelala.

Kazi hubaki kwa sababu mbalimbali, na mfasiri hana budi kuzijua, maana kila sababu yaweza kuhitaji neno lake. Kazi yaweza kuwa nzuri na iliyokamilika, ila muda wa albamu umekwisha. Yaweza kuwa nzuri pia, lakini haipatani na nyingine; mathalani albamu yote ni ya utulivu, nayo ni ya mbio. Yaweza kuwa haijamalizika. Yaweza kuwa na kipande cha sauti kilichochukuliwa katika kazi ya mtu mwingine, na ruhusa yake haikupatikana. Mwisho, yaweza kuwa imekataliwa na kampuni ingawa mwenyewe aliipenda. Kati ya sababu hizi tano, hakuna hata moja inayosema kwamba kazi ni mbovu. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu ndilo litakaloamua mengi huko mbele.

3. Kwa nini wanamuziki wa kielektroni

Mtu aweza kuuliza kwa nini swali hili limezuka zaidi kwa wanamuziki wa ala za kielektroni kuliko kwa wapiga dansi au waimbaji wa taarabu. Jibu limo katika namna ya kufanya kazi. Bendi ya dansi ilikuwa na watu kumi au zaidi, na ili irekodi ilipaswa kukutana, kufanya mazoezi, na kwenda studio kwa zamu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi kwa utaratibu huo, na muda wa studio ulikuwa mali adimu. Bendi haikuweza kurekodi nyimbo arobaini ili ichague nane.

Mwanamuziki wa kielektroni hufanya kazi peke yake, mara nyingi chumbani mwake. Kompyuta ndiyo studio, ndiyo bendi, na ndiyo kabati la kuhifadhia. Akiamka usiku wa manane akapata wazo, hulirekodi palepale bila kumlipa mtu yeyote. Kwa hiyo hurekodi mengi kuliko yanayoweza kutoka, na ghala lake hujaa.

Mifano mikubwa twaipata ng'ambo. Klaus Schulze wa Ujerumani, aliyezaliwa 1947 na kufariki 2022, alitoa albamu yake ya kwanza, "Irrlicht", mwaka 1972. Baada ya hapo alitoa albamu nyingi, lakini kazi alizoziacha kabatini zilikuwa nyingi pia. Mwaka 1993 zilitolewa diski kumi za kazi hizo kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1995 zikatolewa nyingine kumi. Mwaka 1997 zikatolewa 25. Na mwaka 2000 makasha hayo yote pamoja na nyongeza yakafungwa katika kasha moja la diski 50. Moby wa Marekani alitoa albamu iitwayo "Play" mwaka 1999, na mwaka uliofuata akatoa albamu nyingine ya nyimbo zilizokuwa upande wa pili wa santuri ndogo za "Play". Richard D. James, ajulikanaye kwa jina la Aphex Twin, alifika mbali zaidi: mwaka 2015 alianza kuweka katika intaneti kazi zake za zamani ambazo hazikuwa zimetolewa, naye akapita mia mbili, bila albamu na bila kasha.

Hapa kwetu muziki wa kielektroni unaojulikana zaidi ni singeli, uliokulia katika mitaa ya Dar es Salaam na ambao mapigo yake mara nyingi hupita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu iitwayo "Sounds of Sisso", iliyokusanya kazi za wasanii mbalimbali wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Na mwaka 2018 ikatoa "Poaa" ya Bamba Pana, mmoja wa watengenezaji wa studio hiyo. Tunaitaja "Sounds of Sisso" hasa ili tuonyeshe tofauti. Albamu hiyo ni mkusanyo wa watu wengi, na lengo lake ni kuwajulisha wasikilizaji juu ya studio nzima. Kitu tunachokitafutia jina ni mkusanyo wa mtu mmoja, tena wa kazi zilizoachwa nje. Mikusanyo ni aina nyingi, na neno "mkusanyo" peke yake halitoshi kuzitenga.

4. Majina yanayotumika

Tulipowauliza walimu, watangazaji na wauzaji wa nyimbo wa Singida kitu hiki wanakiitaje, hatukukosa majina. Yalikuwa mengi kupita kiasi. Tutayapima moja baada ya jingine.

(a) Makombo. Hili ni neno la mezani. Makombo ni chakula kilichobaki baada ya watu kula: mikono imekwisha pita na kitamu kimekwisha chaguliwa. Kumpa mgeni makombo ni kumdharau. Lakini kazi tunayoizungumzia haijaonjwa na mtu. Jina hili lina dharau, tena ni la uongo, tunaliacha.

(b) Mabaki. Neno hili ni pana mno. Lasema juu ya hesabu ya kugawanya, juu ya mwili wa marehemu, juu ya magofu, na juu ya vipande vya mbao chini ya meza ya seremala. Upana huo ndio uliomponza kijana wetu. Katika mazungumzo halidhuru, bali katika mkataba ni hatari.

(c) Mashudu. Jina hili tulilipewa na mzee mmoja mkulima, na tulilicheka kwanza, kisha tukalifikiria. Singida ni mkoa wa alizeti, na kila mwenye kinu cha kukamulia anajua kwamba mashudu si uchafu. Huuzwa, na mifugo hunenepa kwayo. Kwa hiyo mzee alikuwa na hoja kwamba kinachobaki kina thamani. Hata hivyo mashudu ni kitu kilichokwisha kutolewa mafuta. Wimbo ulioachwa nje ya albamu haujakamuliwa. Mafuta yake yangali ndani. Mfano ni mzuri, lakini hautoshi.

(d) Makapi. Hili latokana na kupepeta nafaka. Makapi hupeperushwa na upepo, na hakuna ayaokotaye. Hatuna haja ya kulijadili zaidi.

(e) Viporo. Hapa tunakaribia. Kiporo ni chakula kilichopikwa jana na kuwekwa kiliwe leo. Ni chakula cha mwenye nyumba, kimeiva, na kikipashwa moto wako wanaokipenda kuliko cha moto. Neno limekwisha panuka: wapenzi wa soka husema mechi za viporo, yaani zilizoahirishwa, na maofisini husikika viporo vya kazi. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, kiporo huahirishwa tu, nacho kimekusudiwa kuliwa kesho. Bali wimbo ulioachwa huenda usitoke kabisa. Pili, kiporo kikikaa sana huchacha, ilhali kazi za Schulze zilikaa kabatini miaka mingi na zikatoka zikiwa nzima. Twapendekeza neno hili lihifadhiwe kwa kazi iliyokamilika ambayo tarehe ya kutolewa kwake imesogezwa mbele.

(f) Akiba. Wahenga wamesema akiba haiozi, na hilo lajibu kasoro ya pili ya kiporo. Lakini akiba ni kitu kilichowekwa kwa makusudi ya siku za mbele. Neno hili lafaa kuitwa ghala lenyewe, yaani kazi zote alizo nazo mwanamuziki ambazo hazijatolewa, ziwe zimechujwa au bado. Tutaliita "akiba ya studio".

(g) Masalio na masazo. Haya mawili tumeyaweka pamoja makusudi, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, na kuchagua kati yao ndiko kiini cha makala haya.

5. Hoja ya sarufi

Kiswahili kina kitenzi cha kale, "saa", chenye maana ya kubaki. Siku hizi hakisikiki sana, lakini watoto wake wawili wangali hai. Wa kwanza ni "salia", na wa pili ni "saza". Kitu husalia chenyewe: fedha zimesalia, siku zimesalia. Lakini mtu ndiye asazaye: amekula akasaza. Katika kitenzi cha pili yumo mtendaji, na ndiye aliyeamua kiasi cha kutumia na kiasi cha kuacha. Kadhalika msemo wa kula na kusaza hutumiwa kuonyesha neema, kwamba chakula kilikuwa kingi hata kikazidi haja ya walaji.

Basi kutokana na "salia" twapata masalio, na kutokana na "saza" twapata masazo. Masalio ni yaliyobaki. Masazo ni yaliyobakizwa. Masalio hayamtaji mtu; masazo yanamwelekeza msomaji aulize, "Nani aliyeyasaza?" Swali hilo ndilo mwanasheria analolihitaji, na ndilo kijana wa Singida alilokosa kulisikia katika neno "mabaki".

Wako watakaotetea masalio kwa hoja nzuri. Watasema kwamba "salio" ni neno la benki na la simu, na kila mtu anajua kwamba salio katika akaunti ni mali yake bado. Hoja hiyo twaiheshimu, na tulikaa nayo muda mrefu. Lakini kwa sababu hiyohiyo, neno salio limekwisha kaliwa na fedha. Mkataba wa muziki husema pia juu ya malipo, na kifungu kinachotaja "masalio ya msanii" kitasomwa na mhasibu kuwa ni fedha ambazo msanii hajalipwa. Neno moja kubeba maana mbili katika karatasi moja ni kuualika ugomvi.

Kwa hiyo twapendekeza masazo. Si neno jipya wala la kigeni. Ni neno letu lililokuwa limewekwa kando. Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, utaratibu umekuwa ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na kukopa mbali ikiwa karibu hakuna. Hivyo ndivyo tulivyopata "ikulu" na "ngeli" kutoka lugha za jirani. Safari hii hatukuhitaji hata kutoka nje ya nyumba.

6. Mkusanyo au mkusanyiko?

Hoja tuliyoitumia hapo juu yatusaidia pia katika neno la pili. Watu wengi husema "mkusanyiko wa nyimbo", na magazeti huandika hivyo. Lakini "mkusanyiko" watokana na "kusanyika", na wanaokusanyika ni watu uwanjani, au mawingu angani, kwa mwendo wao wenyewe. Nyimbo hazikusanyiki zenyewe. Kuna mtu aliyezikusanya, akazichagua, akazipanga ipi ianze na ipi ifuate. Hilo ni tendo la "kusanya", na zao lake ni "mkusanyo". Hatusemi kwamba asemaye mkusanyiko amevunja sarufi. Matumizi yamekwisha mpa haki. Twasema kwamba katika sheria, katika orodha za maktaba na katika mikataba, mkusanyo ni bora kwa kuwa unamwacha mtendaji aonekane.

Wengine walipendekeza "diwani". Ni neno tukufu, nalo limewatumikia washairi wetu vizuri. Jirani zetu wa Dodoma wanaijua "Diwani ya Mnyampala". Lakini diwani imekwisha shikwa na mashairi, na mkoani diwani ni mtu aliyechaguliwa na kata yake. Tusimwongezee mzigo.

7. Wimbo au kipande?

Yapo pia maneno ya jirani ambayo yasipotengenezwa hulibomoa lile tulilolijenga. La kwanza ni "wimbo". Wimbo watokana na kuimba, nao muziki mwingi wa kielektroni hauna mwimbaji. Msikilizaji wa kawaida haoni tatizo. Huuita wimbo hata usipokuwa na neno moja. Lakini mkataba ukisema "nyimbo zote", mtu mwenye hila aweza kudai kwamba kazi zisizo na maneno hazimo. Kwa maandishi rasmi twapendekeza "kipande", yaani sehemu moja ya albamu yenye mwanzo na mwisho wake, iwe na sauti ya mtu au isiwe nayo. Tunajua kwamba kwa wazee wa mikoa ya kati waliopata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kipande ni kile kikaratasi cha kuhesabia siku za kazi, na hakikuwa na utamu wowote. Muktadha utatenganisha.

La pili ni kazi isiyomalizika. Hiyo isiitwe sazo, kwa kuwa haijafikia hatua ya kuchaguliwa au kuachwa. Twapendekeza "kipande ghafi", kwa mfano wa mali ghafi ya kiwandani. La tatu ni wimbo mmoja uliorekodiwa kwa namna mbili au tatu, ikatolewa namna moja tu. Hizo nyingine twapendekeza ziitwe "sura" za kipande: sura ya kwanza, sura ya pili, na kuendelea.

8. Jambo lenyewe lina uzito gani?

Msomaji asidhani kwamba tunapasua nywele. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, huilinda kazi kwa sababu tu imebuniwa, bila kutazama ubora wake wala kusudi lake. Maana yake ni kwamba mbele ya sheria kipande kilichoachwa kabatini ni sawa na kile kinachopigwa redioni kila siku. Lakini ulinzi huo haumsaidii mtu aliyeuhamisha kwa saini yake bila kujua. Sheria yaweza kumlinda dhidi ya mwizi. Dhidi ya neno asilolielewa hulindwa na mfasiri.

Tena, fasihi yetu ina ushahidi wa thamani ya kazi zilizobaki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. "Utubora Mkulima" na "Siku ya Watenzi Wote" zilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kuzikwa kwake. Hakuna mwalimu awezaye kusimama mbele ya darasa akaziita makombo. Zingalipotea kwa kuwa aliyezikuta aliziona mabaki, hasara ingalikuwa yetu sote.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Albamu: kundi la vipande vya muziki vilivyopangwa na kutolewa pamoja kwa jina moja.

Kipande: sehemu moja ya albamu yenye mwanzo na mwisho wake, yenye maneno au isiyo nayo.

Masazo: vipande vilivyokamilika ambavyo mwenye kazi, au kampuni, ameviacha nje ya albamu.

Albamu ya masazo: mkusanyo wa vipande vya masazo vya mwanamuziki mmoja au bendi moja.

Mkusanyo wa wengi: albamu yenye vipande vya wanamuziki mbalimbali.

Kipande cha upande wa pili: kipande kilichotolewa pamoja na wimbo mkuu katika santuri ndogo, bila kuwamo katika albamu.

Kiporo: kipande kilichokamilika ambacho kutolewa kwake kumeahirishwa.

Kipande ghafi: kipande ambacho hakijamalizika.

Sura: namna moja kati ya namna kadhaa ambazo kipande kimerekodiwa.

Akiba ya studio: jumla ya kazi zote za mwanamuziki ambazo hazijatolewa, za aina zote zilizotajwa hapo juu.

10. Hitimisho

Mwalimu wetu wa Singida alikifuta kile kifungu, akakiandika upya hivi: "Masazo yote, yaani vipande vilivyokamilika ambavyo havikuingizwa katika albamu, pamoja na vipande ghafi na sura zote, vitakuwa mali ya kampuni." Ni tafsiri ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kweli. Kijana alipoisoma hakutikisa kichwa. Alinyamaza, kisha akaomba kalamu, na badala ya kutia saini akachora mstari chini ya maneno "mali ya kampuni", akaandika pembeni: "Hapana. Tuzungumze." Walikubaliana nini baadaye ni habari yao. Sisi lililotuhusu ni kwamba safari hii alijua alichokikataa.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi za utamaduni wayatumie, wayajaribu na kutuandikia yanapowakwaza. Tunawaomba hasa wasomaji wa Singida, mkoa ambao Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kitaturu na Kihadza vyote vinazungumzwa, watuletee maneno ya lugha hizo yanayotaja kitu kizuri kilichowekwa kando kwa hiari ya mwenyewe. Lugha nayo ina masazo yake, na huenda neno litakalotufaa kesho limelala huko, likingojea mtu wa kuliuliza.